Massey Ferguson 35: shajara ya kuifufua karakanani

Januari

Bamba la namba lilikuwa limezikwa chini ya rangi nyekundu iliyopakwa juu ya nyekundu nyingine. Nimelikwangua kwa kiyeyusha rangi na kipande cha mbao ngumu, kwa sababu herufi zake hazikugongwa kwa kina na ncha ya chuma ingezifuta. Zimetokea herufi SNM, kisha tarakimu. N ni dizeli ya silinda tatu, M ni klachi ya ngazi mbili. Kazi ya kutafuta vipuri ikawa nyepesi hapo hapo, maana jina "35" limebeba matrekta kadhaa.

Ilipotoka mwaka 1956 iliitwa Ferguson, ikiwa na bati la kijivu na injini ya rangi ya dhahabu, ikiundwa kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza. Mwishoni mwa 1957 ikavaa nyekundu na jina la Massey Ferguson. Dizeli ya mwanzo ilikuwa ya kampuni ya Standard, ya silinda nne, injini iliyojulikana kwa kugoma kuwaka kwenye baridi. Mwaka 1959 ikaingia Perkins ya silinda tatu, inchi za ujazo 152, yaani lita 2.5. Mwaka 1962 ikaja 35X yenye nguvu zaidi, na 1964 nafasi ikachukuliwa na modeli ya 135. Ukiomba "gasketi ya 35" bila kutaja injini, unaweza kuletewa ya trekta nyingine kabisa.

Hali yake: klachi inateleza. Mikono ya nyuma, ile inayobeba jembe, hainyanyuki hata ikiwa mitupu. Oili inadondoka kwenye tundu dogo lililo chini ya nyumba ya klachi. Injini haijakwama. Nimetoa nozeli, vile vinyunyizia vya dizeli, nikamimina oili nyepesi ndani ya kila silinda na kuiacha ilale, kisha nikaizungusha kwa mkono. Imezunguka, ila silinda ya tatu haina ubishi wowote. Ya kwanza na ya pili zinasukuma mkono kurudi nyuma. Ya tatu inapita kimya.

Kuna jambo moja ambalo asiyewahi kufungua trekta za aina hii halijui. Haina fremu. Injini imefungwa kwa bolti kwenye giaboksi, giaboksi kwenye nyumba ya katikati, na hiyo kwenye ekseli ya nyuma. Vyuma hivyo ndivyo mwili wenyewe. Huwezi kushusha giaboksi ukaacha trekta imesimama, kwa kuwa giaboksi ndiyo sehemu ya kilichokuwa kinaisimamisha. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: kila kiungo kitakachofunguliwa hakitafungwa mpaka kila kilicho nyuma yake kiwe kimemalizwa, hata kama kilionekana kizima. Sili ambayo haikuvuja leo ikibaki ndani, itanilazimisha kuipasua trekta upya kwa ajili ya kipuri kinachoenea kiganjani.

Rangi itasubiri. Watu wengi huanzia kwenye rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha wanaichubua wakati wa kufungua bolti walizozipaka.

Februari

Kuosha, kupiga picha, kufungua, kuweka lebo. Sina mengi ya kusema kuhusu kuosha, isipokuwa tope lililochanganyika na oili lilikuwa limezilinda bolti nyingi za chini kuliko rangi ilivyozilinda za juu.

Spana ni habari nyingine. Nyuzi za bolti ni za inchi, UNF (nyembamba) na UNC (nene), na trekta hii imepita mikononi mwa mafundi wenye spana za milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaikubali, inazunguka, inaila kona. Ya inchi 9/16 ni milimita 14.3, hivyo 14 haiingii na 15 inacheza. Ile ya robo tatu inchi pekee ndiyo rafiki: ni milimita 19.05, na spana ya 19 inakaa sawasawa. Ukizitazama nati za trekta unaweza kusoma zilikopita spana za milimita: kona za robo tatu bado kali, za nusu inchi zimekuwa duara.

Stadi za manifoldi ya ekzosi, zile bolti zisizo na kichwa, zilikuwa zimeungana na nati zake. Sijazilazimisha. Nimepasha nati kwa moto wa gesi mpaka ikaiva wekundu hafifu, nikaiacha ipoe kidogo, nikaigusisha nta ya mshumaa ikanywewa ndani ya nyuzi, kisha nikaisogeza mbele na nyuma, robo kwa robo. Moja ilikatika licha ya yote. Nimeipiga tupa ikawa bapa, nikaitia alama katikati, nikaitoboa kwa keekee kuanzia ndogo hadi kubwa, mpaka gamba la nyuzi likachomoka kwa ncha ya sindano.

Vipande vidogo vyenye kutu (mabano ya taa, kifuniko cha betri, pini za mikono ya nyuma) nimevitia kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia. Kipande kinaunganishwa upande hasi wa chaja, bati la chuma cha kawaida upande chanya. Chuma kisichoshika kutu hakitumiki hapo, maana hutoa kromi yenye sumu ndani ya maji. Mapovu yanayotoka ni haidrojeni, hivyo ndoo ikae mahali penye hewa na mbali na cheche. Kutu huacha chuma na kubaki tope jeusi linaloondoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliki. Ila kipande kikitoka majini kikaushwe na kupakwa praima siku hiyo hiyo, la sivyo kinaanza kutu upya kabla hujamaliza kunawa mikono.

Machi: kuipasua

Kabla ya kulegeza bolti yoyote kati ya injini na giaboksi, kabari mbili za mbao ngumu zimepigwa juu ya ekseli ya mbele, kulia na kushoto, zikabana kati yake na mhimili unaoibeba. Ekseli hiyo hubembea kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate ardhi. Trekta ikiwa nzima, sehemu ya nyuma ndiyo inayozuia injini isipinduke. Ukiitenganisha bila kabari, injini nzima inakosa wa kuizuia na inaweza kulala ubavu juu ya aliye karibu. Ningeomba mtu asahau mengine yote niliyoandika kuliko hili.

Nyuma: stendi mbili chini ya giaboksi, magurudumu makubwa yamezuiliwa. Mbele: jeki yenye magurudumu chini ya sampu (bakuli la oili la injini), na kipande cha ubao kati yake. Nimeondoa boneti, tangi, fimbo mbili za usukani, fimbo zinazoishikilia ekseli ya mbele, waya, bomba la kipima shinikizo la oili, na fimbo ya mafuta. Bolti zilipoisha nimesukuma nusu ya mbele taratibu huku nikitazama mwanya uwe sawa juu na chini. Mwanya ukianza kupanuka upande mmoja, urefu wa jeki haujalingana, na shafti inabeba uzito usio wake.

Ndani, klachi ilikuwa imelowa. Swali ni oili ya nani. Nyumba ya klachi ina majirani wawili: injini mbele, giaboksi nyuma, na kila mmoja ana sili yake. Niliyopangusa kwenye ukuta ilikuwa nyeusi tii na nyepesi. Ya giaboksi ni nzito na, kwa trekta hii, imegeuka nyeupe-nyeupe kwa maji. Mkosaji ni injini.

Vumbi la klachi halikupulizwa kwa hewa. Bitana za zamani za klachi na breki mara nyingi zina asbesto. Nimelowesha kwa maji yenye sabuni na kupangusa kwa vitambaa vya kutupa.

Nilipotoa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, nikakuta sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini) ni ya kamba, katika nusu mbili zinazokumbatia shafti. Mpya nimeilowesha kwenye oili, nikaiviringisha ndani ya mfereji wake kwa chuma cha mviringo kuanzia ncha mbili kuelekea katikati, na ncha zimebaki zimejitokeza kidogo sana ili nusu mbili zikikutana zibanane. Watu huidharau sili ya kamba. Ikiwekwa kwa subira inafanya kazi. Ikipachikwa kwa kidole gumba inavuja siku ya kwanza.

Sili ya mbele ya giaboksi haikuwa inavuja. Nimebadilisha. Beringi ya kuachia klachi ilikuwa na sauti ndogo tu. Nimebadilisha. Kanuni ni kanuni.

Klachi ya ngazi mbili ina sahani mbili. Ukikanyaga pedali nusu unaachia giaboksi, ukikanyaga mpaka chini unaachia na PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine), ndiyo maana mashine iliyofungwa nyuma inaweza kuendelea kuzunguka trekta ikiwa imesimama. Sahani zote mbili lazima zikae katikati kabisa kabla ya kukazwa, na kila moja ina meno yake kwa shafti yake. Fundi wa kerezo amenichongea shafti bandia yenye ngazi mbili kwa vipimo vya shafti halisi. Bila hiyo, kuzirudisha nusu mbili za trekta ni kubahatisha gizani. Vidole vitatu vya kuachia nimevipima urefu mmoja mmoja. Vikitofautiana, klachi hutetema wakati wa kuondoka.

Sikufunga bado. Injini iko wazi mbele yangu, na silinda ya tatu haijasema kisa chake.

Aprili hadi Juni: injini

Silinda hedi imetoka. Kwenye silinda ya tatu ringi mbili zimenasa kwenye mifereji yake kwa masizi, na ukutani kuna ngazi inayoshikwa na ukucha pale ringi ya juu inapogeukia. Kipenyo ni milimita 91.4, mwendo wa pistoni milimita 127: injini ya mwendo mrefu, mvutano mwingi kwa mizunguko michache. Silinda za ndani ni zile kavu, hazigusani na maji, zimebanwa ndani ya bloku.

Je, nibadilishe ya tatu peke yake? Nimeshauriwa hivyo na mtu ninayemheshimu. Lakini pistoni mpya moja na zakuukuu mbili kwenye injini ya silinda tatu ni kukaribisha mtetemo, na mbili zile zingeanza kula oili muda mfupi baadaye. Bloku imekwenda kwa fundi wa kerezo: silinda kuukuu zimesukumwa nje, mpya zimebanwa ndani na kumaliziwa kwa kipimo cha pistoni. Kranki imepimwa kila shingo sehemu mbili, kwa pembe mraba, ili kuona kama kuna iliyokuwa yai. Hakuna. Imeng'arishwa tu, beringi za kipimo cha kawaida.

Bloku iliporudi niliiosha upya kwa maji ya moto na sabuni, nikapitisha brashi kwenye kila njia ya oili. Fundi alikuwa ameiosha. Haijalishi. Chembe za jiwe la kusugulia silinda zikibaki, zinaanza kula beringi mpya dakika ile injini inapowaka.

Kila ringi ilitumbukizwa kwenye silinda yake, ikasawazishwa kwa kichwa cha pistoni, mwanya wa ncha ukapimwa kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia. Ringi isiyo na mwanya wa kutosha hutanuka kwa joto mpaka ncha zikagongana, ikavunjika au ikakwangua ukuta.

Vali nimezisaga kwa mkono kwenye viti vyake mpaka ukaonekana mkanda wa kijivu usiokatika. Kipimo changu ni dizeli: hedi ikiwa imepinduliwa na vali zimefungwa, namwaga dizeli kwenye kila tundu la upande wa manifoldi na kuiacha. Isipopenya, basi. Hedi ilirudishwa kwa gasketi mpya, nati zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu. Mwanya wa vali, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.30. Mpangilio wa kuwaka ni 1-2-3, mwepesi kuliko wa injini yoyote ninayoijua.

Pampu ya dizeli ni CAV ya aina ya DPA, ile ya mzunguko yenye rota moja inayogawa kwa silinda zote. Inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji kwenye tangi ni kifo chake. Hii siifungui karakanani. Vipande vyake vimelingana kwa usahihi ambao jicho halioni, na bila meza ya kupimia utoaji wake mtu anaweza tu kuiharibu kwa heshima. Nimechora alama kati ya flanji na kasha kabla ya kuilegeza, nikaipeleka pamoja na nozeli tatu. Mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kunyunyiza. Onyo kwa wanaopima nozeli nyumbani: usiweke mkono mbele ya mnyunyizo. Shinikizo lake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano ni la kukimbiza hospitalini.

Nusu mbili za trekta zimeungana mwishoni mwa Juni. Shafti mbili ziliingia kwenye meno yake baada ya kuzungusha flaiwili kidogo. Kamwe usizivute pamoja kwa kukaza bolti. Zikigoma, kuna kisicholingana, na bolti zitavunja kitovu cha sahani.

Julai: haidroliki

Hapa ndipo nilipofurahia zaidi, na hapa ndipo Harry Ferguson, mbunifu wa mfumo huu, alipostahili sifa. Wengine walitengeneza trekta ya kuvuta jembe. Yeye alilifanya jembe kuwa sehemu ya trekta. Jembe likikutana na udongo mgumu, husukuma fimbo ya juu ya viungo vitatu kuelekea mbele. Fimbo hiyo hubana springi, springi husogeza vali ya pampu, na mikono hunyanyua jembe kidogo mpaka mzigo upungue. Mvutano huohuo huongeza uzito kwenye magurudumu ya nyuma. Dereva hana analofanya.

Ajabu yake ni kwamba vali inatawala upande wa kunyonya wa pampu, si upande wa shinikizo. Pampu isiyopewa oili haitoi shinikizo. Ni wazo zuri sana, na lina udhaifu mmoja: uchafu. Pampu imekaa chini kabisa ndani ya nyumba ya katikati, imezama kwenye oili ileile ya giaboksi na ekseli, zaidi ya lita 30 za pamoja. Maji yakiingia juu, yanakaa chini, ilipo pampu.

Yaliingilia wapi? Kifuniko cha mpira cha mkono wa gia kilikuwa kimepasuka. Ni mpira tu, na umeua haidroliki nzima. Niliyoitoa ilikuwa mchanganyiko mweupe mzito, na baada yake likafuata tope la chuma na kutu.

Kifuniko cha lifti ni kizito na kimebeba silinda ya kunyanyulia pamoja na fimbo za kutawala, kwa hiyo kimenyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, wima. Shafti ya PTO imevutwa nyuma ili iachie pampu. Ndani ya pampu, vali ilikuwa imekwama upande wa kufunga. Haikuwa imevunjika wala kulika sana. Imekwama kwa gundi ya oili kuukuu. Pistoni zake nne na vyumba vyake vimesafishwa, vali imesogea kwa kidole, ringi za silinda ya lifti zimebadilishwa kwa kuwa niko humo.

Oili ya kwanza niliyotia ni ya kuoshea. Itazungushwa muda mfupi, imwagwe ikiwa moto, kisha itiwe ya kudumu.

Agosti

Umeme na breki, kwa kifupi. Waya zote mpya, fyuzi nimeongeza. Dainamo imebaki dainamo. Kuna wanaoweka altaneta, sina ugomvi nao. Baada ya kazi, dainamo lazima ipewe sumaku kwa kugusisha betri kwa sekunde moja kwenye waya wa fildi (koili zake za sumaku), vinginevyo inaweza kuchaji kinyume au isichaji. Swichi ya usalama inayozuia stata mpaka mkono wa kasi ya juu na chini uwe katikati ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na waya. Nimeirudisha. Trekta inayoweza kuwashwa ikiwa kwenye gia imeua watu wengi waliosimama pembeni ya gurudumu.

Viatu vya breki vya kushoto vimelowa oili ya ekseli. Sili na viatu vipya, pande zote mbili.

Septemba: kuwasha

Kutoa hewa: nimepiga mkono mdogo wa pampu ya kuvutia, nikilegeza skrubu ya filta mpaka mapovu yaishe, kisha skrubu za pampu ya CAV, mwishowe nati za mabomba kwenye nozeli huku stata ikizungusha. Kabla ya hapo injini ilikuwa imezungushwa kwa stata, kibonyezo cha kuzima kikiwa kimevutwa, mpaka sindano ya shinikizo la oili ikapanda.

Nimeweka ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Dizeli ikishikwa na wazimu, ikinywa oili yake yenyewe, kufunga mafuta hakuizimi. Kuinyima hewa ndiko kunakoizima. Kichujio cha hewa cha trekta hii ni cha bakuli la oili, na bakuli likijazwa kupita alama linaweza kuwa ndilo chanzo. Nimelijaza mpaka alama, si zaidi.

Kifaa cha kupashia hewa kwenye manifoldi kikapata moto, stata ikavuta. Silinda moja ilishika, kisha mbili, moshi mweupe mwingi, kisha ya tatu. Sauti ya silinda tatu haina ulaini, na sitaki iwe nayo. Moshi ulikwisha injini ilipopata joto. Ubao haukuhitajika.

Mikono ya nyuma ilinyanyuka ikiwa mitupu, ikanyanyuka na chuma kizito. Nikazima injini, nikaweka alama ya chaki na kungoja. Imeshuka kidogo baada ya muda mrefu. Kwa mfumo wa umri huu, nakubali.

Oktoba

Nikisugua boneti kwa msasa nimekuta kijivu chini ya nyekundu. Si praima: ni rangi ya kumalizia, yenye mng'ao wake. Injini hii ya Perkins ilikuja trekta zikiwa tayari nyekundu, kwa hiyo boneti imetoka kwenye Ferguson ya miaka ya mwanzo, na mtu fulani aliipaka ili ifanane. Kuna anayesema nitafute boneti "sahihi". Sitafuti. Itapakwa nyekundu tena, na upande wa ndani utabaki kijivu kama nilivyoukuta.

Rimu za nyuma zilikuwa na maji ya chumvi ndani ya matairi kwa ajili ya uzito, na pale penye tundu la vali chuma kimeliwa hadi kuwa karatasi. Vipande vipya vimechomelewa. Uzito nitaongeza kwa vyuma vya kufunga nje.

Yaliyobaki: kukaza upya nati za hedi na kupima tena 0.30 baada ya saa za mwanzo za kazi. Kumwaga oili ya injini mapema. Kumwaga ile ya kuoshea giaboksi. Kupata kioo cha kipima joto. Uvujaji mmoja umejitokeza kwenye kifuniko cha pembeni cha nyumba ya katikati, ambacho hufunguliwa bila kupasua chochote.